Maingilio ya Ruvuma: Nenda na Maji, Rudi na Maji

Wengi wanaofika Mtwara kutoka Dar es Salaam hufika kwa kazi: korosho, gesi, bandari, au semina ya siku mbili. Jioni wanapelekwa Shangani kula samaki, kesho yake wanapanda basi au ndege kurudi kwao. Kusini mwa mji huo, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari, Mto Ruvuma unamaliza safari yake ya kilomita 800 hivi na kuingia Bahari ya Hindi. Hapo pana mikoko, mafungu ya mchanga, viboko, kasa, na ndege wanaozaliana Siberia. Inanisikitisha kuona Mtanzania anaweka akiba miaka mitatu ili aende Serengeti, na huku mahali kama hapa anapapita bila hata kuuliza. Kama una siku mbili au tatu na miguu miwili inayokubali kutembea, makala hii ni yako.

Ujue kwanza unaenda wapi. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, bahari na nchi kavu pamoja. Iko chini ya kitengo kilekile kinachosimamia hifadhi ya Mafia, ambayo ndiyo ya kwanza nchini, ya mwaka 1995. Tofauti yake na Mikumi au Ruaha ni kwamba humu ndani watu wanaishi. Msimbati, Ruvula, Nalingu, Msangamkuu na vijiji vingine vimo ndani ya mipaka. Kwa hiyo pale unapotembea kutafuta ndege ni shambani kwa mtu, ni njia ya mtu kwenda kisimani, ni bahari ambayo mtu anategemea kupata kitoweo cha leo. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mambo mengi yatakunyookea.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa. Katika mbuga za bara dereva anakuamsha saa kumi na moja alfajiri, na kila siku ni hivyohivyo. Pwani ya Mtwara haiendi kwa saa ya ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: bahari inajaa sana na kupwa sana, na kimo cha maji kinatofautiana kwa zaidi ya mita tatu. Siku hizo maji humaliza kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na humaliza kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ikifika nusu mwezi ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji sana, na ratiba yote inageuka, kupwa kunaangukia alfajiri na alasiri.

Mtu wa kutembea anataka bamvua. Kabla ya kuomba ruhusa kazini, tazama mwezi utakuwaje wiki hiyo. Ukifika Msimbati siku ya pili baada ya mwezi mpevu, ingia ufukweni saa mbili na nusu asubuhi, ufuate maji yanavyorudi nyuma. Utapata saa mbili nzima za kutembea juu ya sakafu ya bahari yenyewe: majani ya bahari yaliyolala chini, vidimbwi vyenye samaki wa rangi, nyota za baharini, konokono wa kila umbo. Maji yakisimama, geuka. Usingoje uyaone yakija, kwa sababu hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza ile mikondo uliyoivuka wakati wa kwenda, ambayo ilikuwa mikavu au inafika kwenye vifundo vya miguu. Mgeni anakuwa bado amesimama juu ya fungu kavu anapiga picha, na nyuma yake mkondo umeshafika kiunoni. Na kasi ya maji haiwi moja: saa ya kwanza yanapanda polepole, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Ukiona maji yameingia katika nyayo zako za kwendea, hapo umeshachelewa, ondoka bila kuokota chochote.

Kuna jambo dogo linalohusu simu ambalo linaweza kukuletea shida kubwa. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na kujibadilisha saa yenyewe. Ukipanga kugeuka saa tano na simu inasema saa nne, maji hayatakungoja. Zima ule mpangilio wa saa kujirekebisha kabla hujatoka Mtwara mjini, au vaa saa ya mkononi.

Viatu ni raba za kufunga kamba, zile ambazo hutajali zikilowa chumvi. Kandambili hunaswa kwenye tope, na miguu mitupu hukanyaga vigae vya matumbawe na wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Kwenye maji yanayofika magotini, buruta miguu badala ya kuiinua. Taa hujifukia mchangani, na akisikia mtikisiko wa mguu unaoburutwa huondoka mwenyewe; akikanyagwa huchoma kwa mwiba wa mkia, na maumivu yake hayasimuliki. Ikitokea, dawa ya kwanza ni maji ya moto kiasi ambacho ngozi inavumilia, mguu ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu, halafu zahanati, maana kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Konokono mzuri mwenye umbo la pia usimwokote akiwa hai. Baadhi yao wana sumu inayoua mtu.

Huko kwenye maji makavu utawakuta akina mama na vijana wameshatangulia, wengine na fimbo za kuchokolea pweza, wengine wakitanda. Salamu kwanza. Mtu mzima anaamkiwa "shikamoo", hata kama wewe umevaa kofia ya gharama na yeye anatoka jasho na ndoo kichwani. Picha iombwe, na ukikataliwa yaishe hapohapo. Usikanyage kamba za mwani; mstari ule mmoja ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Nguo nazo zizingatie mahali: vijiji hivi ni vya Waislamu wengi, nguo ya kuogelea ibaki ya kuogelea, na ukipita mitaani jifunge kanga au vaa suruali. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe hadharani mchana.

Mikoko inastahili asubuhi yake peke yake, na ninakusihi usiipite haraka ukiwahi ufukwe mweupe. Mwombe kijana wa kijijini akuonyeshe aina kwa aina: mkoko wenyewe wenye mizizi iliyopinda kama mbavu za jahazi, mchu, mkandaa, muia, mlilana unaosimama mbele kabisa baharini, mkomafi wenye tunda la duara kubwa. Shika jani la mchu, ligeuze, lilambe upande wa chini. Utaonja chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kupitia jani, na siku za jua utaiona imeganda juu ya jani kama unga mwembamba. Halafu tazama chini, kwenye vijiti vilivyochomoza topeni kuuzunguka mchu: hiyo ni mizizi inayopanda juu kutafuta hewa, kwa kuwa ndani ya tope lile hewa hakuna. Tunda la mkoko nalo huota likiwa bado limeshikamana na mama yake, likarefuka, kisha likadondoka na kujichoma topeni likiwa tayari ni mche.

Kaa hapo kimya dakika kumi. Neno "kimya" ndilo muhimu. Mwanzoni utaona tope tupu lenye matundu. Dakika ya tatu au ya nne, vinaanza kutoka vikaa vidogo, dume akiwa na gando moja kubwa kuliko mwili wake, na kila mmoja analiinua na kulishusha mbele ya tundu lake, akiita jike na kumtisha jirani. Kando ya maji, visamaki vyenye macho juu ya kichwa vinarukaruka topeni na kupanda mizizi. Vinaweza kukaa nje ya maji muda mrefu mradi ngozi yao iwe na unyevu. Ukiinua mkono kumpungia mwenzako, vyote vinapotea kwa mpigo na itakubidi uanze upya. Na usikate hata kijiti. Mikoko yote nchini inalindwa, kuikata bila kibali ni kosa, na msitu huu ndio unaopunguza nguvu ya bahari inapochafuka. Wazee wa Lindi na Mtwara walisimuliwa kimbunga cha mwaka 1952 kilichoipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua ng'ambo ya pili, Cabo Delgado, baada ya watu wa Mtwara kutakiwa kuondoka maeneo ya pwani.

Kwa ndege, geuza mpango wa asubuhi. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali mpaka darubini inachoka. Wakati wao ni maji yanapojaa: bahari inawasukuma kuja pwani, mafungu yanapungua, na mamia wanajikuta wamebanana kwenye kipande kimoja cha mchanga mbele yako. Tafuta kivuli saa mbili kabla ya maji kujaa, kaa chini, na jua liwe mgongoni mwako. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa, huhitaji ile ndefu ya kusimamisha kwa miguu mitatu. Kama hujui jina la ndege, anza na mdomo wake. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini, anauchomeka kwenye tundu la kaa mpaka machoni. Vitwitwi ni wadogo, wanakimbia na ukingo wa maji. Membe na buabua wanasimama wote wakiwa wameelekea upepo unakotoka. Yangeyange na kulasitara wanasubiri samaki wakiwa wima kwenye maji ya magoti.

Halafu yuko mmoja ninayetaka umtafute kwa makusudi. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiolingana na mwili. Chakula chake ni kaa. Anamnyemelea hatua kwa hatua, anasimama, anakimbia ghafla, kisha anampigapiga mpaka magando yanakatika ndipo anammeza. Ndege huyu huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, tena ndani ya shimo analochimba ardhini, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii ya ufukweni anayelifanya kama yeye. Kisha anateremka pwani yetu kukaa miezi ya baridi ya huko. Njia yake ni ileile ya majahazi ya kaskazi, Oman hadi Mtwara.

Wageni hawa wa mbali wanaanza kuonekana Agosti na Septemba, wanajaa Oktoba hadi Machi, na mwezi wa Aprili wengi wanaondoka. Kabla ya kuondoka hula mchana na usiku kutengeneza mafuta ya kuwafikisha. Kila unapowakimbilia ili upate picha ya kundi likiruka, unawamalizia mafuta hayo. Wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, umeshakaribia mno. Rudi nyuma hatua kadhaa na uketi.

Mto wenyewe ni habari nyingine, na hapa nitasema bila kuzungusha. Ruvuma una viboko na mamba, hadi kule ambako maji yameanza kuwa na chumvi. Kiboko hulala majini mchana na kutoka usiku kula majani, na njia zake zinaonekana: mifereji miwili sambamba katika nyasi, katikati pameinuka kidogo. Usitembee katika njia hizo kabla jua halijapanda wala baada ya kuzama, na wakati wowote usisimame kati ya kiboko na maji. Mamba usimtafute kwa kuukaribia ukingo. Usinawe mtoni, usichote maji, usiweke mtoto mabegani ukasogea ili aone vizuri. Watazame kutoka juu ya ukingo ulioinuka, na mtu wa hapo akwambie wapi panafaa.

Ruvuma pia ni mpaka. Tangu Oktoba 2017 kaskazini mwa Msumbiji kuna vita, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, upande wetu, wakaua watu na kuchoma nyumba. Vijiji vya mtoni vina majeraha ya kweli na vyombo vya ulinzi viko kazini. Kwa hiyo kabla ya kuelekea Kilambo, Mahurunga au mdomo wa mto, uliza ofisi ya hifadhi au polisi Mtwara kama siku hiyo panaendeka, kisha ripoti kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA. Ukiambiwa mwisho ni hapa, mwisho ni hapo. Usivuke kwenda visiwa vya mtoni hata kama mwenye mtumbwi anakuambia hakuna neno. Madimba na Msimbati kuna mitambo ya gesi, gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 na ambayo tangu 2015 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam; mitambo hiyo usiipige picha, na ndege isiyo na rubani iache nyumbani kama huna kibali.

Nyangumi ni wa boti. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya kusini yenye barafu kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, na kati ya Julai na Oktoba kuna uwezekano mzuri wa kuwaona nje ya Ghuba ya Mnazi na Mikindani. Kodi boti yenye jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na uyahesabu majaketi ukiwa bado nchi kavu. Mwambie nahodha asisogee ndani ya mita 100, asiwakate mbele, asimtenge mama na mtoto wake. Julai na Agosti kusi huvuma kwa nguvu, kwa hiyo tokeni alfajiri na rudini kabla ya saa nne.

Kwa kasa, kanuni ni giza. Jike hupanda ufukweni usiku kutaga, na mwanga mweupe wa tochi humrudisha majini na mayai yake. Baada ya takribani siku 55 hadi 60 watoto hutoka na kufuata mng'ao wa bahari. Taa ya nyumba ya wageni au moto wa vijana wa pikiniki huwapotosha wakaishia vichakani. Ukiona mburuto wa kasa mchangani, usiufute na usichimbe. Mjulishe mtendaji au wahifadhi wa hapo. Ukiletewa nyama yake, kataa. Kuuza ni kosa, na nyama hiyo inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, iliua watu tisa, wanane kati yao watoto.

Kufika si kazi. Gari za abiria za Msimbati zinatoka Mtwara mjini na kupitia Mangamba na Madimba. Ulizia ya mwisho kurudi ni saa ngapi kabla hujapanda ya kwenda, kwa sababu jioni utabaki na bodaboda tu. Kiingilio cha hifadhi kilipwe serikalini kwa namba ya malipo, udai risiti. Beba maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu, kofia, chandarua na pesa taslimu. Chakula usibebe kingi. Stendi ya Mtwara wanauza ming'oko iliyochemshwa, inakaa tumboni na haiharibiki kwa jua, na Msimbati samaki hakosekani.

Kuhusu wakati, mimi nachagua wiki za bamvua kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Novemba. Kusi limeshalegea, mvua bado, ndege wameshafika, na nyangumi wa mwisho pengine utawawahi. Kasoro yake ni kwamba Oktoba ni mwanzo wa minada ya korosho na nyumba za kulala wageni mjini zinajaa, hivyo weka nafasi mapema. Februari na Machi kuna ndege wengi zaidi, lakini barabara za mchanga na tope zitakuchelewesha.

Ombi langu ni moja. Usitembee peke yako, na usitoke na mwongozaji kutoka Dar es Salaam wakati Msimbati na Ruvula kuna vijana na akina mama wanaoujua kila mkondo na kila fungu. Mpate kupitia ofisi ya kijiji au ya hifadhi, mkubaliane bei kabla ya kuondoka, umlipe siku hiyohiyo mkononi mwake. Kasa aliyeachwa akataga na mkoko usiokatwa vinalindwa na watu hawa kabla ya askari yeyote kufika, na watavilinda zaidi wakiona mgeni aliyekuja kuvitazama amewaachia cha kupeleka nyumbani.